Kitunguu Chekundu Hakiongezi Damu

Ayikoru mwanangu,

Watu wenye adabu huanza barua kwa kuuliza hali. Yako naogopa kuiuliza, kwa kuwa leo asubuhi nimeiona kwa macho yangu, na ndiyo iliyonifungia humu stoo tangu saa saba mchana, nimekalia debe, karatasi juu ya goti, huku uani mama zako wakibishana ni nani aliyeunguza wali wa wageni.

Usitafute humu maagizo ya safari. Kufunga mizigo unajua kunishinda. Na juu ya kuishi na mama mkwe sina la kukufundisha: wangu aliniita "yule Mkongomani wa magunia" tangu siku ya posa mpaka siku tulipomzika, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Hayo nayaruka. Nataka kukuambia habari za vitunguu.

Najua utasema, baba naye, hata leo? Umekulia juu ya magunia ya vitunguu, umefundishwa kuhesabu kwa vitunguu, na ulipokuwa darasa la tatu wenzako walikuita Harufu. Umevisikia vya kutosha. Lakini yote uliyoyasikia kwangu, nusu yake ni uongo, na nusu hiyo umeifunga kwenye gunia unataka kuondoka nayo kesho.

Nililiona gunia hilo leo asubuhi. Nilikuwa napita mlangoni mwa chumba chako na kikombe cha chai. Ulikuwa umepiga magoti, unachagua vile vyekundu kimoja kimoja, unavipangusa kwa khanga. Mama yako mdogo wa Pajulu, aliyekuja kukusindikiza, akakuuliza, "We Ayikoru, kwani Koboko hakuna vitunguu?" Nawe ukamjibu bila hata kuinua kichwa, "Hivi ni vya damu, mama mdogo. Baba alisema mwenye mimba akila hivi, damu haimwishii."

Baba alisema. Chai ilinipoa mkononi. Nilirudi kinyumenyume kama mwizi aliyesikia mwenye nyumba akikohoa.

Mama yako mdogo alinifuata mpaka hapa stoo. Unamjua, hapigi hodi.

"Shemeji, mtoto anakula udongo."

"Udongo gani?"

"Ya kichuguu. Iko nayo ndani ya kitambaa, yeye nasema eti ni ya tumbo. Dada yangu alikula hiyo hiyo. Wewe hapana ona? Wewe iko na macho, ama uliuza nayo pamoja na kitunguu?"

Nikakaa juu ya debe hili, na nikakuona tena akilini: ulivyopanda ngazi tatu za kanisa Jumapili iliyopita ukasimama kushika ukuta, nami nikafikiri ni viatu. Midomo yako, rangi yake. Mimba ya miezi mitatu. Ndipo nikajua kwamba nisipozungumza leo, utapanda gari kesho ukiwa na ugonjwa wa mama yako mwilini na dawa ya baba yako mgongoni, na dawa hiyo si dawa.

Utauliza kwa nini nisikuite tu tukazungumza. Mwanangu, mdomo huu umeuza vitunguu miaka ishirini. Haukumbuki njia nyingine. Nikiufungua mbele yako utaanza kwa kuungama na kumaliza kwa kusifu bidhaa. Kalamu angalau ni mvivu, na uongo unahitaji mwendo.

Basi sikiliza ilivyokuwa tangu mwanzo.

Nilipovuka mpaka kutoka Kongo nilikuwa na madarasa manne ya misheni, baiskeli isiyo na breki, na imani kwamba mtu akitazama kitu kwa muda mrefu wa kutosha kitu hicho kitamwambia siri yake. Wengine wanaotazama hivyo huwa maprofesa. Mimi nilipata meza katika soko la Arua, na kilichokuwa mbele yangu kilikuwa kitunguu. Nikakitazama.

Vilikuja kwangu vya aina nne. Vyeupe vikubwa kutoka upande wa Kongo, vyenye majivuno, kimoja kinajaza kiganja. Vyekundu vya kutoka mbali kwa lori, vya rangi ya divai ya padri. Vile vidogo vya Pajulu, vinavyokaa vichwa vitatu vinne pamoja kama ndugu waliokosa vyumba, vikali mpaka vinawaliza na walio nje ya nyumba. Na kitunguu saumu, ambacho kila mtu alikiheshimu na hakuna aliyekinunua.

Wateja waliniuliza kipi ni bora. Wenzangu walijibu, "Vyote ni bora, mama." Mimi nikaona aibu kujibu hivyo. Nikavikata vipande vya upana mmoja, nikavipima kwa mizani, nikavianika juu ya bati la nyumba, kila aina kwenye karatasi yake, siku nne za jua. Mama yako alikuwa mke mpya. Alisimama chini akiniangalia niko juu ya bati, nafukuza kuku. "Baba wa watu," akasema, "kule kwetu tukianika kitu, tunakula." Nilipovipima tena, vile vyeupe vyenye majivuno vilikuwa vimekwisha, kulibaki kama karatasi ya sigara. Vilikuwa maji yaliyovaa koti. Vya Pajulu vilibakiza zaidi. Saumu ikabakiza kushinda vyote. Nikafurahi kama niliyegundua mto.

Jambo hilo lilikuwa kweli, Ayikoru. Ningeishia pale ningekuwa mtu mwenye busara ya bati moja. Lakini nilichemsha maganda ya vile vyekundu, na maji yakageuka mekundu sufuriani, mazito, yakatoa povu. Nikayatazama. Nikasema moyoni, hii ni damu. Sikuuliza mtu. Nilikuwa nimeshazoea kutouliza mtu; mtu aliyejifunza peke yake humwona kila mwalimu kama mshindani.

Nikaandika orodha kwa chokaa juu ya ubao, nikautundika juu ya meza. Cha kwanza, kitunguu chekundu: huongeza damu. Cha pili, cha Pajulu: nguvu za mgongo. Cha tatu, saumu: kifua na minyoo. Cha nne, cheupe: hupoza mwili, maana ilibidi niseme kitu, nilikuwa na magunia kumi na mawili. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: majani ya vitunguu, ya mbuzi.

Wewe ulijifunza kusoma kwa ubao ule. Nilikuinua begani ukayasoma maneno yote kwa sauti, watu wakakupigia makofi. Umeelewa sasa kwa nini ninaandika?

Juu ya yale majani nina la kusema. Pembeni mwa soko letu wafanyabiashara huyakata kwa kisu kabla ya kupanga bidhaa, kwa kuwa kitunguu chenye majani kinaonekana kimetoka shambani jana, na mteja wa mjini anataka kionekane kimetoka serikalini. Mbuzi wa Arua hakuna wanono kama wao. Sasa mama yako, aliyezaliwa Pajulu, aliyapenda majani hayo kuliko nyama. Aliyakusanya katika kikapu, akayakatakata, akayapika na simsim iliyosagwa, kwa ugali wa muhogo. Nyumba nzima ilinukia vizuri, na mimi niliona haya. Siku moja jirani alimkuta akiokota, akasema kwa utani, "Mama Ayikoru, mbuzi wa mzee atakula nini?" Jioni ile nilimkataza. Nilimwambia mke wa mtu mwenye ubao haokoti chakula cha mbuzi. Nikampa vyekundu, vizuri, vya kuchagua. Akavipokea. Alikuwa mtu wa kupokea.

Ndipo ikafika mimba ile. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikupeleka Pajulu kwa mama yako mdogo ili uwe karibu na shule, na ndiyo sababu hukuona. Ulikuwa mwaka ule Wahindi walipofukuzwa nchini wakafunga maduka. Sukari ikapotea, sabuni ikapotea, chumvi ikawa habari ya kusimuliana. Kitunguu hakikupotea. Watu waliokosa kila kitu wakaja kutafuta angalau harufu. Na wake za askari wakawa wanashuka kutoka Koboko kwa lori, wanachukua vyekundu kwa magunia, kwa sababu habari za ubao zilikuwa zimefika huko: kuna mtu Arua anauza damu.

Mama yako alianza kuchoka. Alipumzika katikati ya kufagia. Akaanza udongo. Niliuona katika pindo la nguo yake nikacheka, nikamwambia atazaa mtoto mchwa. Dresa wa hospitali, yule msaidizi wa daktari, alimfunua kope, akamwambia, "Mama, wewe iko na damu kidogo sana. Rudi Alhamisi, daktari apime, upewe vidonge. Usikose." Aliniambia hayo amesimama mlangoni, na kadi mkononi. Mimi nikasikia kama kwamba dresa amenitukana. Damu kidogo, mke wangu mimi? Nikaongeza vitunguu. Nikachemsha maganda asubuhi na jioni nikampa kwa kikombe. Alikunywa huku amefunga macho.

Sasa inakuja Alhamisi, na hapa kalamu ingependa kwenda kunywa maji.

Alhamisi ile lori la Koboko lilifika mapema. Wanawake kama saba. Mmoja wao, mtu mzima, mke wa sajini, mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, alikuwa hataki maneno mengi. Akashika kitunguu, akakigeuza, akaniuliza, "Hii nongeza damu kweli, ama iko maneno ya sokoni?"

Mama yako alikuwa amekuja sokoni kuniambia twende hospitali. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani kwa ajili hiyo. Amesimama nyuma ya meza, mkono kiunoni, anangoja nimalize. Nami nikafanya jambo ambalo tangu siku hiyo sijapata kulisema kwa mtu. Nilimshika mkono nikamleta mbele. Nikasema, "Mama zangu, msiniamini mimi. Huyu hapa mke wangu, miezi minane, anakunywa kila siku. Mtazameni!"

Nilimtumia kama ubao, Ayikoru.

Yule mke wa sajini hakutazama tumbo. Alitazama uso. Akaja karibu, akaweka kidole gumba chini ya jicho la mama yako, akavuta kope ya chini, kama mtu anayefunua mfuko kuona kilichomo. Akaiachia kope. Halafu akasema, polepole, "Bwana, huyu mama iko mweupe ndani ya macho. Hii si maneno ya kitunguu. Peleka yeye hospitali. Leo leo."

Soko lilikuwa linasikiliza. Wanunuzi saba, meza za jirani, wachuuzi wa muhogo. Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema, "Mama umesema kweli, ndiko tunakokwenda," nikafunga meza. Ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano. Badala yake nikasema, "Mama, weupe huo ni wa kivulini. Mke wangu mimi nimemjengea nyumba. Nyinyi kwenu mnakaa juani!"

Watu wakacheka. Ulikuwa utani mzuri. Mpaka leo nikiufikiria naona ulivyoundwa vizuri, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi. Mama yako naye alicheka, kwa kuwa mke huchekea utani wa mumewe mbele za watu. Yule wa Koboko hakucheka. Alirudisha kitunguu mezani, akapanda lori bila gunia. Wale wengine sita walinunua.

Nyumbani mama yako alivua gauni la kanisani akalikunja. "Baba Ayikoru, leo ilikuwa Alhamisi ya dresa."

"Twende Jumatatu. Jumatatu soko ni baridi."

"Jumatatu ni mbali," akasema. Si kwa hasira. Kama mtu anayesema Koboko ni mbali, Kampala ni mbali.

Jumapili watu wakitoka kanisani, uchungu ukamshika, kabla ya wakati. Majirani wakaja, mkunga wa mtaa akaja. Mtoto alikuwa wa kiume, hakulia. Damu ilitoka, lakini haikuwa nyingi, mkunga aliniambia hivyo mara tatu, akishangaa: haikuwa nyingi. Tulimbeba kwenye kitanda kile kile mpaka hospitali, na kabla hatujapita lango alikuwa ametulia. Dresa yuleyule alimfunika. Aliniambia maneno ambayo nayasikia kila nikichinja kuku: "Mwingine angemwaga damu kiasi hiki, na wiki ijayo angepika. Huyu hakuwa na ya kumwaga."

Wewe tulikuambia Mungu amemchukua. Sina ugomvi na Mungu juu ya jambo hilo. Natumaini naye hana nami kwa kumsingizia.

Ungedhani niliushusha ule ubao. Nilirudi sokoni baada ya matanga, na mteja wa kwanza alikuwa mwanamke mchanga, tumbo mbele, akaniuliza, "Mzee, pole kwa msiba. Ya damu ni ipi?" Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye vyekundu. Maana ningemwambiaje? Ningesema si kweli, angeniuliza, na mama Ayikoru je? Kila siku niliyonyamaza ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi kusema. Watu hudhani uongo unadumishwa na ujanja. Aa, mara nyingi unadumishwa na uchovu.

Kisha, miaka miwili baadaye, nilinunua chumvi ya magendo, ikaja imefungwa kwa ukurasa wa kitabu. Kitabu cha Kiingereza, juu ya vyakula. Niliusoma siku tatu kwa kamusi yangu isiyo na jalada, neno moja moja. Kulikuwa na jedwali, na ndani yake, vitunguu. Nimeuambatisha na barua hii. Sehemu iliyolowa chumvi haisomeki, lakini panapouma panasomeka.

Sitakuandikia tarakimu, tarakimu ndizo zilizonilevya. Nakuambia kwa maneno. Kitunguu cheupe na kitunguu chekundu ni karibu sawasawa: maji mengi, sukari kidogo, na kidogo cha ile vitamini ambayo mtu akiikosa ufizi wake hutoka damu. Ule wekundu ni rangi ya ganda. Huenda una faida yake, sijui, lakini damu si mojawapo. Kile cha Pajulu kina maji kidogo zaidi, kwa hiyo kila kitu kimo kwa wingi kidogo, kama bati lilivyoniambia. Saumu ina nguvu kushinda vyote kwa uzito, lakini nani atakula saumu kwa bakuli? Atakula peke yake, na atalala peke yake. Na madini ya chuma, ambayo ndiyo damu inajengwa nayo, katika hivyo vyote ni ya kutafuta kwa taa.

Halafu nikashuka mpaka mstari wa mwisho. Majani. Katika ukurasa ule majani ya kitunguu yalikuwa yanashinda kichwa chake karibu katika kila safu: ya macho, ya ufizi, na hata chuma, ingawa si kingi. Orodha yangu ilikuwa imesimama kichwa chini, miguu juu, miaka yote ile, na mbuzi wa Arua ndio peke yao walioisoma sawasawa.

Nisitoke uongo mmoja nikaingia mwingine: sisemi majani yangemponya mama yako. Hayangetosha. Maharagwe yangesaidia, ini lingesaidia, mchicha, dagaa. Kilichokuwa kinahitajika ni Alhamisi. Lakini mwili wake ulikuwa unaomba kitu, ukawa unaokota pembeni mwa soko kile kidogo ulichokipata, na mimi nikakinyang'anya kwa sababu ya jirani mmoja mwenye utani. Kitunguu ni mpiga ngoma, mwanangu. Kazi yake ni kuita wageni, maharagwe, nyama, mboga, ili waingie kwa furaha. Mimi nilimvika mpiga ngoma kanzu ya bwana harusi.

Nilipomaliza kusoma nilifanya nini? Niliukunja ukurasa nikauweka chini ya godoro. Nikaufuta mstari wa majani katika ubao, ule tu. Hiyo ndiyo toba yangu yote. Nilianza kuleta majani nyumbani, utakumbuka, ukaniuliza, "Baba, tumefilisika?" Nikakuambia ni kwa ajili ya harufu.

Sasa juu ya ndoa yako. Kijana alipokuja kuchumbia, watu walisema nimekubali upesi mno. Dini nyingine, jamaa wa askari, na sisi watu wa kuja. Wapo waliosema mzee anatafuta mgongo wa kuegemea, nyakati hizi. Mchungaji hakunisalimu mwezi mzima. Niliwaacha waseme, kwa kuwa sababu yenyewe nisingeweza kuitoa. Siku ya posa, lango lilipofunguliwa, aliyeingia mbele ya wazee wao alikuwa mama yake kijana, na nilimtambua kabla hajakaa. Ni yeye. Mke wa sajini. Naye alinitambua. Alitazama nyumba, akatazama picha ya mama yako ukutani, akaomba maji ya kunywa. Hakusema kitu siku ile, wala siku nyingine. Mimi nikawaza: katika soko lote, watu wote wale, mmoja tu ndiye aliyemtazama mke wangu usoni. Binti yangu akae na huyo. Nikasema ndiyo, na hata ng'ombe sikuwabishania.

Lakini nilimkabidhi wewe bila kumkabidhi ukweli, na wewe hukuwaambia wa kwao habari za udongo. Kwa hiyo baada ya mama yako mdogo kunisema asubuhi, niliondoka. Uliniona nimevaa koti ukafikiri nakwenda kutafuta gari. Nilikwenda hospitali. Sijapita lango lile tangu siku ile. Dresa wa zamani hayupo. Kuna nesi, msichana aliyekuzidi umri kidogo tu. Nikamwomba vidonge vya damu vya kubeba. Akasema, "Mzee, siwezi kumpa mtu nisiyemwona. Mlete apimwe. Anakula nini?"

Nikasema, "Vitunguu vyekundu. Amebeba gunia."

Akaweka kalamu chini. "Nani alimdanganya hivyo?"

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, na baadhi yao ni wateja wangu, nilizijua sauti zao. Nikasema, "Mimi. Na mama yake pia nilimdanganya mimi, amekufa." Sikuongeza utani. Ulikuja mmoja, nikauacha upite.

Nesi aliandika jina lako. Kesho, saa mbili.

Niliporudi, mama mkwe wako alikuwa ameshafika kutoka Koboko, amekaa uani na wale wengine, anachambua mchele. Nikamwita pembeni. Nikamwambia, "Mama, kesho kabla ya gari tunapita hospitali. Mtoto ana mimba, na anakula udongo. Ule ugonjwa ulioushika kwa kidole chako."

Akapangusa mikono. "Bwana," akasema, "mimi nasema hii maneno zamani. Wewe nasikia leo." Halafu akasema, "Gari itangoja. Kama hapana ngoja, mimi iko na miguu."

Gunia lako sijaligusa, Ayikoru. Libebe ukitaka, upikie maharagwe. Ubao nimeushusha mchana huu, na kesho nikitoka hospitali nitasimama pale pale kwenye meza na kusema mbele ya wote kwamba hakuna kitunguu kinachoongeza damu. Watacheka, sina shaka. Lakini hayo ni yangu. Lako ni moja.

Sikuombi unisamehe kabla ya saa mbili asubuhi. Muda ni mfupi na mambo hayo hayana haraka. Huenda ukisoma haya hutataka kuniona, wala kusikia sauti yangu njiani. Ni haki yako, nami sitabisha. Mama mkwe wako atakushika mkono, mama yako mdogo atakuja nyuma, na mimi, usiponitaka, nitabaki nje ya lango na mizigo.

Lakini wewe ingia.

Baba yako